Kitabu cha Mzee Moosa Hakifunguki Maskati

Aliyenihadithia kwanza habari hii ni Bakar, fundi baiskeli wa hapa Wete tunayemwita Spana, siku ya maulidi mwaka 2019, miaka miwili baada ya kutokea. Baadaye niliwauliza na wengine, na walipohitilafiana nimeifuata kauli yake. Kijiwe ilikotokea ni baraza ya binamu yangu Suud, mwalimu wa hesabu. Watu hukaa hapo kila alasiri kwa sababu mbili: buli la kahawa linatoka ndani, na waifai ya Suud inafika mpaka nje. Ndani ya nyumba mna kitabu cha nasaba alichokiandika babu yetu, Mzee Moosa, kurasa mia na arubaini, akausia kisitoke nyumbani. Anayetaka kukisoma aje. Shangazi yetu Bi Hamdiya, aliyeko Maskati, alikuwa anapoteza macho, na daktari alimpa mwezi mmoja tu wa kuona. Alitaka kukiona kitabu, na kuja hawezi. Suud akazipiga picha kurasa zote, akazitia katika kompyuta kuukuu, akaifanya seva na kuiweka chumbani kwake. Kwa njia hiyo kitabu kingebaki nyumbani, na shangazi angeingia kukisoma kwa mtandao. Wiki mbili zikapita, shangazi hajaona kitu.

— Mimi naifungua, alisema Spana, simu mkononi. Hii hapa. Ukurasa wa kwanza, Bismillahi, na jina la Mzee. Sasa huko Maskati wana nini?

— Na mimi ninayo, alisema Pandu, aitwaye Kebo kwa vile alikuwa kibarua ilipovutwa kebo ya umeme kutoka Tanga. Kosa si la seva. Kosa la bahari.

— Bahari imefanya nini tena, yakhe? Spana aliuliza.

— Mtandao unapita chini ya maji. Kwenda unafuata mkondo, kurudi unapingana nao. Mie kebo ile nimeishika kwa mkono huu.

— Uliishika kwa nje, Kebo. Ndani hukuingia.

Wa tatu alikuwa mzee Talib, aitwaye Wakala. Alikuwa wakala wa chama kwenye kituo cha kura mwaka 1995, na tangu hapo hajakubali kwamba kuna kitu kinachoharibika chenyewe.

— Hii siasa, alisema Wakala. Kitabu kinaonyesha nani mtoto wa nani. Wanataka wakisome wao kwanza, kabla ya daftari la wapiga kura.

— Nani hao? Suud aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu.

— Ukinilazimisha kuwataja, kahawa hii sitaimaliza.

— Nkwambie mimi, Mwalimu, Spana akaingia. Maskati mapumziko yao Ijumaa na Jumamosi. Wewe unamwambia ajaribu siku gani?

— Kila siku.

— Basi siku mbili zishatoka hapo.

— Spana, mashine haina mapumziko.

— Yako haina. Ya kwao unaijua?

Suud alikaa chini. Alisema ameizima seva na kuiwasha mara ishirini. Ameufungua mlango wa kwenye ruta, kile kisanduku cha waifai, kama maelekezo yanavyosema. Na kila akimwambia shangazi kuwa tayari, shangazi hukaa na mjukuu wake mbele ya simu saa nzima, wanatazama duara linazunguka.

— Si umrushie hizo picha kwenye simu, ukapumzika? alisema Wakala.

— Zimo talaka za watu humo, mzee Talib. Wamo watoto waliokanwa. Picha ikitoka imetoka, kesho iko kwa kila mtu. Ndiyo maana Mzee akausia.

Hapo Kebo akainuka kwenda sokoni kununua sukari. Aliporudi alikuwa bado ameishika simu.

— Sokoni haifunguki.

— Unasemaje?

— Hapa inafunguka. Nilipofika sokoni ikagoma. Nimerudi, inafunguka.

Suud akaichukua simu ya Kebo, akaitazama.

— Sokoni ulitumia bando lako?

— Langu. La nani tena?

— Na hapa munatumia waifai yangu. Wiki mbili munanambia inafunguka.

— Inafunguka, alisema Spana.

— Inafunguka kwa sababu nyinyi mumo ndani ya nyumba.

— Mimi niko barazani, alisema Wakala.

Suud akaipigia kampuni ya simu, akasubiri, akajibiwa. Alipokata aliwaeleza taratibu, kama anavyoeleza darasani kwa mara ya tatu. Anwani ya mtandao aliyopewa si yake peke yake. Wanaitumia wateja wengi kwa pamoja. Cha kwake kikitoka, kampuni inajua kimetoka kwake. Cha nje kikija, haijui kinaitaka nyumba ipi, basi inakiacha.

— Kama sanduku la posta la duka la Ngwali, alisema Spana. Mtaa mzima barua zetu zilikuja pale. Isiyo na jina ikalala.

— Ndiyo hivyo. Na anwani ya peke yako hupewa makampuni tu. Wamesema niandike barua nisubiri.

— Siku ngapi?

— Hawakusema.

— Nilikwambieni siasa, alisema Wakala.

Jirani, Bi Mwatum, alikuwa amekuja kurudisha sinia, akayasikia ya mwisho hayo akiwa amesimama kwenye ngazi.

— Kurasa mia na arubaini, kwa macho yale, alisema. Bi Hamdiya khasa anataka kuona nini?

Spana alimtazama Kebo. Kebo alimtazama Suud. Wiki mbili, na hapana aliyemuuliza.

Suud akampigia, simu akaiweka sauti ya juu.

— Shikamoo, shangazi. Kitabu bado. Lakini unataka kuona wapi hasa?

— Jina langu, baba. Nilipoolewa na kuondoka, mwaka sitini na sita, baba yangu, Mzee Moosa, hakuridhia. Alisema mbele ya watu kuwa atalifuta. Nataka kuona kama lipo.

— Lipo, shangazi. Wallahi lipo.

— Ndivyo utakavyoniambia hata likiwa halipo.

Suud akamuaga shangazi. Aliingia ndani, akakaa huko kidogo, akatoka.

— Umemtumia? aliuliza Spana.

— Kunyweni kahawa.

— Imekwisha, alisema Kebo.

Ukurasa huo ni wa tisini na mbili, nami nimeuona. Mzee Moosa alibana maandishi kote; karatasi ilikuwa ghali na hakuacha nafasi mahali popote. Jina la Hamdiya lipo, halikuguswa, na chini yake ameacha mistari minane mitupu, ya watoto. Usiku ule shangazi alituma majina matano ya wanawe kwa sauti yake, na Suud akayaandika hapo kwa wino.

Bi Hamdiya alifariki Maskati mwaka 2021. Wakala alimtangulia kwa miezi minne. Spana, Kebo, Bi Mwatum na Suud wa hai. Katika yale majina matano, wanne wa hai.