Kura Zangu Atazipiga Asifiwe

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Baltazari zima hiyo simu, maana sauti niliyobaki nayo haitoshi kushindana na mlio wake. Daktari amewaambia mnirudishe nyumbani mnilishe ninachokitaka, na mtu akishaambiwa hivyo anaelewa. Mama yenu ameshayasikia haya, wakili ameshayaandika, ila nataka yatoke kinywani mwangu mwenyewe, asije mtu akasema mzee alirubuniwa.

Nyumba hii ya Izia ni ya mama yenu mpaka atakaponifuata. Shamba la Milepa limeni wote, na kile kipande ninachogombania na mdogo wangu Clemens, mwachieni. Nimenuniana naye kwa ajili ya matuta mawili ya mahindi hadi nimesahau sura yake akicheka.

Sasa kampuni. Mashine ya kwanza ya kusaga niliifunga kwa mikono hii, unga wangu ukafika Mpanda, ukafika Tunduma, na leo tuna wanahisa, tuna bodi, tuna mkaguzi wa hesabu, na katika kila hisa mia, sitini ni zangu, nami ndiye mwenyekiti. Baltazari, najua unakitolea macho kiti hicho tangu ukiwa sekondari. Raphael, wewe hukitaki, unataka uachwe na malori yako. Aliyenitia kidonda si yeyote kati yenu. Ni mkeo, Raphael. Ni Asifiwe, mkamwana niliyemtoa Mbeya na mahari yake nikailipa mimi.

Mnamkumbuka Lydia, yule mtafiti wa chuo kikuu aliyekuwa akichunguza kampuni za familia, kwa nini nyingine hufa pamoja na mwanzilishi wake. Nilimfungulia geti kwa mbwembwe zote, nikijua atanisifu. Akamwuliza kila mtu, dereva, mpishi, mbeba magunia, hata wakulima waliopanga foleni kwenye mizani, swali moja tu: ukikwama, unamfuata nani? Kisha akatukusanya, akawasha projekta, akaonyesha ukutani miduara yenye majina yetu, na mistari ikitoka kwa kila mtu kwenda kwa yule anayemfuata. Mduara mkubwa kuliko yote ulikuwa wa Asifiwe. Mimi nilikuwa pembeni, kiduara kama punje ya ulezi, na mstari wangu ulikuwa mmoja, wa Shija mlinzi, ambaye sote tunajua hunifuata kwa ajili ya ugoro.

Mlicheka. Nami nikacheka, ila chakula siku hiyo sikukigusa. Lydia akasema kwa adabu, "Baba, siyo sheria, lakini katika kampuni tulizozipitia, zile zilizompa kiti mtu ambaye watu tayari wanamfuata zimedumu kuliko zilizompa mtoto mkubwa kwa kuwa tu ni mkubwa." Akalisema hilo mbele ya mkamwana wangu!

Nilimwonea wivu, wanangu, na ninamwonea wivu hata sasa nikiwa nimelala hapa, wala siombi msamaha. Kesho yake nilihamishia meza yangu pale kwenye mizani ili watu wanione. Wakulima wakanipa shikamoo zenye heshima, wakaniuliza habari za mgongo, halafu wakanipita kwenda kumtafuta yeye. Mahindi ya watu wa Milepa yalikuwa hayajakauka, nikayakataa, kama inavyotakiwa. Yeye akawatandikia maturubai uani, akawaambia wakae wayaanike, tena kwa Kifipa, hicho hicho ambacho wewe Baltazari unakizungumza kama mgeni. Tangu hapo hawauzi kwa mtu mwingine. Mimi nimewapa ujana wangu wote, yeye kawapa maturubai, na anayependwa ni yeye! Hata wanaokuja kunijulia hali humu ndani huanza kwa kuuliza Asifiwe yuko wapi.

Basi shikeni neno langu. Gawio la hisa zangu mgawane sawa, wa kike na wa kiume. Lakini kura za hisa hizo zisigawanywe. Atazipiga Asifiwe, na kiti atakikalia yeye. Usinune, Baltazari. Jina lako nilikuwa nimeshampa wakili, nikamwambia alifute, na siyo kwamba nampenda Asifiwe kukuzidi, kwani zipo siku ambazo hata nyayo zake koridoni sitaki kuzisikia. Nimelifuta kwa sababu ukikaa wewe, watu watakuamkia kisha watamfuata yeye, kama walivyonifanyia mimi, na ninajua hali hiyo inavyomla mtu. Kampuni imevumilia wivu wangu. Wivu wako haitakuwa na nguvu ya kuuvumilia.

Mumwekee kwenye bodi mtu mmoja wa nje, asiye ndugu wala rafiki, mwenye ubavu wa kumwambia hapana, maana yule akipendekeza kitu nyote mnaitikia kabla hajamaliza. Nisogezeeni maji... Ahsante, mama Baltazari.

Asiambiwe. Mnanisikia? Mkutano wa kumkalisha mfanye mkishanizika, siyo kabla. Mkimwambia leo nitawasikia mkifurahi, na moyo huu... hautaki. Niacheni nife nikiwa mwenyekiti.

Inamisheni vichwa sasa. Mungu awalinde, awape afya, awape watoto wanaowaheshimu... Baltazari, akupe moyo mpana kuliko wangu. Raphael, barabara zako... ziwe njema. Na yule naye... naye ambariki, nimesema. Nimeshasema, sirudii.

Ni gari lake hilo linaloingia? Ni lake. Naona mmeinua vichwa wote, mama yenu pia, hata wewe Baltazari, mmeshageukia mlangoni na nyuso zimechangamka. Haya... mfungulieni. Lakini geukeni kwanza huku, wanangu. Kidogo tu. Bado nipo.