Somo la Usugu

KOCHA: Haloo? We mtoro, uko wapi?

DADA: Siyo yeye. Ni mama yake, kwa simu yake.

KOCHA: Aah, Dada! Shikamoo. Basi limeshawashwa, wasichana wote wamepanda, amebaki mpwa wangu tu. Mpe simu aseme mwenyewe kama anaiogopa fainali.

DADA: Kwanza utasema wewe. Nimeikuta jezi yake—

KOCHA: Nini? [mikwaruzo] Sauti inakatika.

DADA: Jezi! Chini ya godoro, imekauka kama ngozi. Namuuliza, ananiambia ni matapishi. Eti ulimwamuru ayapanguse kwa jezi, kisha aivae. Kweli au uongo?

KOCHA: Dada, lile ni zoezi la—

DADA: Kweli au uongo?

KOCHA: Kweli. Lakini kila anayetapika mazoezini hufanya hivyo, si yeye peke yake. Wenzake wanamzunguka, wanampigia makofi. Ndilo somo la usugu. Fainali mtu hukimbia kwa kichwa, miguu inafuata. Nataka wawe sugu.

DADA: Sugu ninayo kisiginoni. Hata niichome sindano haisikii. Huko ndiko unakompeleka mwanangu?

KOCHA: Bingwa hasikii maumivu.

DADA: Asiyesikia ni maiti, na maiti hakimbii. Ptuu! Mimi ni dobi, bwana. Nimefua mashuka ya hospitali, yenye usaha na kila uchafu wa binadamu, uso sikuukunja. Leo nimeinamia beseni nikatapika. Harufu ningeivumilia. Ni hayo makofi.

KOCHA: Unamdekeza. Pale kwenye mstari wa kuanzia hakuna mama. Mimi nilifika timu ya taifa kwa—

DADA: Kwa nini? Hebu sema.

KOCHA: Kwa roho ngumu.

DADA: [kicheko kifupi] Roho ngumu! Kikojozi wewe! Mpaka darasa la saba godoro lako lilikuwa linaota ukungu. Nani alikuwa anaamka kabla ya Baba, akalifua shuka lako na kulianika nyuma ya choo?

KOCHA: Dada—

DADA: Niliita watoto wa jirani wakuzunguke? Nilikupigia makofi?

KOCHA: Dada, basi, nakuomba—

DADA: Ulikwenda shule mkavu, kichwa juu, hakuna aliyejua. Mbio zako zilianzia hapo, mpumbavu wee.

KOCHA: Dada, simu iko kwenye spika.

DADA: Unasema?

KOCHA: Iko kwenye spika. Basi zima linasikia.

DADA: Mungu wangu... Sikujua, mdogo wangu. Lakini spika ya nini?

KOCHA: Nilidhani ni yeye anapiga kujitoa. Nikataka wenzake wamsikie... wamsikie aki—

DADA: Akilia.

KOCHA: Ndiyo. Akilia.

DADA: Mtoto wa dada yako. Ili nao wapige makofi. Kinyaa! Kinyaa kitupu!

KOCHA: [mikwaruzo]

DADA: Haya, wanakucheka sasa?

KOCHA: Hapana.

DADA: Hata mmoja?

KOCHA: Hata mmoja. Wameinama. Nahodha wao... amenipa kitambaa chake nijifute.

DADA: Unalia?

KOCHA: Vumbi tu. Dirisha liko wazi.

DADA: Vumbi. Basi hao bado wanasikia, hujawamaliza. Wamsubiri mlangoni mwa basi, mtoto anavaa viatu. Anataka kukimbia, sitamzuia. Ila namkabidhi kwa wenzake, siyo kwako. Wewe kaa mbele huko na dereva, na nikisikia tena habari ya somo lako—

KOCHA: Dada, nipe dakika moja niongee naye, nimwombe—

DADA: Kwa simu? Thubutu! Utamwomba ana kwa ana, mbele ya walewale uliowaita wapige makofi. Ngoja, kuna mlio hapa... salio linaisha. Anatoka sasa hivi! Umesikia? Anato—