Vyungu vya Nyirandegeya

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naona mmeitikia kidogo kidogo. Asifiwe tena! Leo itikieni vizuri, maana nimekuja hapa mbele na hasira, na mchungaji ameniruhusu niseme mambo kama yalivyo.

Kwa wasionijua, mimi ni Mama Zawadi, mshonaji. Ndimi ninayetunza ile nyumba ya watu wasio na pa kulala, pale nyuma ya soko. Nilizaliwa Kigoma. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, akanileta hapa Gisenyi, tukaishi vizuri mpaka homa ilipomchukua. Ndugu zangu, matanga hayajaisha, shemeji zangu wakaja kung'oa mlango! Mlango wenyewe, pamoja na bawaba zake! Wakasema mwanamke wa kuja hana ukoo hapa, arudi kwao. Nirudi na nauli gani? Nikawa nalala Rubona, ufukweni, chini ya mitumbwi iliyopinduliwa. Mvua ya huku mnaijua, inashuka na baridi yake kutoka milimani. Asubuhi askari wanakuja kutufukuza: karatasi yako iko wapi, nani amekuruhusu kulala hapa? Na siku ya Jumapili wanapita watu waliovaa vizuri, wanakwenda kusali, wanatuambia Mungu awabariki. Mungu atubariki, nasi tumelowa mpaka kwenye mifupa! Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, jamani.

Aliyeniondoa pale ni muuza samaki mmoja, mama Mkatoliki, aliyenipa pembe ya jiko lake. Ndipo tukaanza kuulizana: hawa wengine wataondolewa na nani? Wakati huo kiwanda cha pombe kilikuwa kinajengwa kule ziwani, na watu walishuka kutoka kila kilima kutafuta kazi. Aliyekosa kazi alikosa na pa kulala. Basi tukaunda umoja wetu. Sisi wa kanisa hili, Wakatoliki, na jamaa wa msikitini. Wengine walisema hatutafika hata mavuno! Mzee Sudi, mfanyabiashara, Mwislamu, alitoa ghala lake. Wavuvi walileta samaki, watu wa Mudende viazi. Mwenyekiti wa kamati akawa Mama Felista. Upo hapo mbele, mama, nakuona. Sitakusengenya, nasema ukiwepo.

Mimi nikapewa kutunza nyumba, na chumba kidogo cha kulala humo humo. Nilipofunga mlango wangu mara ya kwanza nililia. Mlango, ndugu zangu! Wenye bawaba!

Kila Jumapili baada ya ibada kamati ilikuja kula na wenyeji wa nyumba. Tulipika maharage na viazi, na kulikuwa na bushera, ule uji wetu wa mtama, uliozungushwa kwa kata moja, mkono kwa mkono. Mnajua desturi ya hapa: niliyekunywa naye kata moja ni mtu wangu. Hata Mzee Sudi alikunywa. Nilikuwa naona fahari, nasema huu ndio ufalme wa Mungu, umefika Gisenyi.

Ndipo akaja Nyirandegeya.

Alikuja na mimba kubwa, mumewe amekufa, kibanda chake kimebomolewa. Yeye ni mfinyanzi. Ni Mutwa, wa lile kabila la wafinyanzi ambalo watu wa hapa hawanywi nalo chombo kimoja. Nilimpa mkeka, nikampa chakula, sikuona la kujadili. Lakini kabla hajakaa vizuri, Mzee Sebagabo akasimama. Huyu ni mzee aliyeshuka kutafuta kazi ya ujenzi wakamwambia amezeeka. Akapiga kelele: "Yewe! Mi nilifukuzwa shamba, nikafukuzwa kazi, sasa munataka nilale na Mutwa?" Mtu ambaye juzi alikuwa analala chini ya gari la mizigo! Nyani haoni kundule.

Jumapili ile kata ilipomfikia Nyirandegeya, ilimruka. Mkono ulipita mbele ya uso wake kama vile pale hapakuwa na mtu. Mama Felista akamtafutia kigae cha chungu kilichovunjika, akammiminia humo. Nikamwambia, "Mama, kata iko pale." Akanijibu, "Ee, Mama Zawadi, we si mutu wa hapa, haujui. Watu batasema nini? Bon, tumujengee kajumba kake kule nyuma, donc kila mutu anabakia na heshima yake."

Nyuma! Nyuma ya ghala kuna takataka za soko na maji yanayotiririka!

Nikaichukua kata, nikampa Nyirandegeya, akanywa kidogo kwa woga, nami nikanywa baada yake mbele ya wote. Kuanzia hapo hakuna aliyekunywa baada yangu. Hakuna! Wakaniambia nisiguse tena chakula cha watu. Wanawake niliosali nao, niliowashonea magauni ya harusi za binti zao, wakawa wananisalimu kwa mbali. Samaki wakakatika, viazi vikakatika. Na Mama Felista akaja na uamuzi wa kamati: Nyirandegeya atoke kabla ya Jumapili, la sivyo nyumba ifungwe na mimi nitafute pa kwenda.

Nilimweleza Nyirandegeya. Mnajua alisema nini? "Mama, acha. Mi nimezoea. Nitaenda." Alikuwa ameshaanza kukunja mkeka. Amezoea! Neno hilo lilinichoma kuliko matusi yote ya shemeji zangu. Nikamnyang'anya mkeka, nikamwambia akae.

Lakini ndugu zangu, niliogopa. Nisiwadanganye. Kila nilipofumba macho niliona ule ufukwe. Jumamosi mchana nilikuwa jikoni na maharage ya mwisho tuliyokuwa nayo, nikamwomba Bwana, na wala haikuwa sala ya adabu. Nikasema, Bwana, kama ulinitoa chini ya mtumbwi ili niwe bawabu wa kumfungia mwingine mlango, bora ungeniacha mule mule! Nikasema, watu wako wana roho ngumu, na wewe umenyamaza!

Hapo nikashika chungu nikiteleke. Nikajiuliza: Chungu hiki kimefinyangwa na nani? Na mtungi wa maji? Na kile cha bushera? Kila mtu wa Gisenyi anajua vyungu vinatoka kwa nani! Tumepikia humo tangu utoto, bibi zetu wamepikia humo. Mkono wake tunaulamba kila siku, halafu mdomo wake ndio unatia najisi? Haleluya! Nilicheka peke yangu jikoni kama mwendawazimu. Na ile hofu ikanitoka, nawaambieni, ilitoka yote. Nilijua naweza kurudi ufukweni kesho, na Mungu atakuwako huko.

Jumapili walikuja wote, kuhakikisha kwamba ametoka. Walinikuta nabeba vyungu nje. Cha maharage, kikiwa bado cha moto. Cha bushera. Mtungi wa maji. Nikavipanga uani kimoja kimoja. Mama Felista akauliza, "Mama Zawadi, unafanya nini?" Nikamwambia, natii kamati. Mmesema Mutwa atoke ndani ya nyumba, basi na alichogusa kitoke, na hivi amevigusa vyote, amevigusa kabla ya moto na baada ya moto. Sasa kuleni kwa viganja. Na mkitoka hapa mwende kwenu, kila mmoja akavunje vyake!

Harufu ya maharage imejaa ua mzima, watu wana njaa, na hakuna anayethubutu kusogea.

Nyirandegeya alikuwa amekaa kizingitini. Akanyanyua uso, akasema polepole, "Ile ya maharage nilitengeneza mi mwenyewe. Alama ya kidole yangu iko pale chini." Kisha akamgeukia mwenyekiti wetu. "Na ya kwako, Mama Felista, nilikuletea mpaka nyumbani. Ulisema iko muzuri sana."

Basi nani aliinuka? Mzee Sebagabo! Yule yule! Akaja na fimbo yake, akachungulia chungu, kisha akamtazama Nyirandegeya. Akasema, "Njaa iko. Maharage iko. Mi nimekula mukono yake maisha yangu yote, kinywa yake iko na nini? Nipe kata." Nikamwambia, mpe yeye kwanza. Akampa. Nyirandegeya akanywa, mzee akapokea, akanywa mpaka akajifuta ndevu. Akaja muuza samaki, akanywa. Wakaja wenyeji wa nyumba, mmoja baada ya mwingine. Mzee Sudi, aliyekuwa amenyamaza siku zote, na nilimkasirikia kwa kunyamaza kwake, akanywa na kusema, "Ghala ni yangu. Kuanzia leo hakuna kumuuliza mutu kabila pa mulango." Wengine waliondoka. Waende. Tuliingiza vyungu ndani, tukala.

Bwana ni mwema! Samaki walirudi, si wote. Viazi vimerudi. Mtoto wa Nyirandegeya alizaliwa katika chumba changu, mkunga akiwa yule muuza samaki. Mama Felista bado hajanywa. Ninamwombea kila siku, na hasira yangu naye sijaimaliza, Bwana anisaidie. Lakini namshukuru Mungu aliyeniokoa mara mbili. Mara ya kwanza alinitoa kwenye mvua, na mara ya pili alinitoa kwenye kuwaogopa watu. Ya pili ndiyo kubwa. Anayemtumaini yeye hataaibika. Jaribuni, ndugu zangu, mtaona!

Sasa namalizia. Nyirandegeya amekuja kusali nasi leo. Yuko kule nyuma, amempakata mtoto. Benchi lile linatosha watu wengi, nanyi mmebanana huku mbele hadi wengine wamesimama ukutani. Tangu nilipoanza kusema nimekuwa nikilitazama benchi lile, na bado amekaa peke yake. Mmeniitikia haleluya tangu mwanzo. Sasa nitanyamaza, sitaketi, nisubiri kuona ni nani atakayeinuka kwenda kuketi pale.