Tone Jekundu Kwenye Skrubu

Kwa niaba ya mama, wadogo zangu wawili na ukoo mzima, mimi binti yake wa kwanza nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya baba, na nitajitahidi kufupisha, maana yeye mwenyewe hakupenda maneno marefu kuliko waya.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa mshona viatu, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, kisha chuo cha ufundi umeme, alikohitimu Desemba 1970 akiwa wa pili darasani, na huyo wa kwanza, baba alimlalamikia hadi juzi.

Mwaka 1974 alifungua karakana yake, chumba kimoja nyuma ya posta, na tarehe 6 Mei 1978 alimwoa mama, aliyekuwa amemletea redio mara tatu ikiwa nzima, wakajaliwa sisi watatu, 1980, 1983 na 1987. Kwenye pochi ya mama alikuta rangi nyekundu ya kucha, akaanza kutia tone kwenye skrubu za kila kitu alichokifungua, ili kikiharibika ajulikane wa kuulizwa, nanyi mkamwita Fundi Tone.

Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998 alinunua pasi mpya, kesho yake mama akamwambia kishikio kinapata moto, akamsihi aifungue aitazame, baba akakataa katakata, akasema ina dhamana ya mwaka mzima, Jumatatu itarudi dukani. Jumapili, baba akinyoosha sare ya mdogo wangu, pasi ilipiga shoti, ikamuunguza mkono wa kulia, na vidole viwili havikukunjika tena. Mama hakumwambia "nilikwambia" hata siku moja, na baba alisema hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Kampuni iliyoitengeneza ilijibu kwamba pasi iliyoingia nyumbani kwa fundi haiwezi kukosa kuchokonolewa, wateja wakaanza kunong'ona, naye akaenda mahakamani kulitetea jina lake. Tarehe 22 Novemba 2000 wakili wake aliwaomba majirani msaada, mkaja mahakamani na birika, feni na redio zenu, vitu thelathini na saba alivyowahi kuvitengeneza, mkatuonyesha kweli kidole kimoja hakivunji chawa. Jaji alivaa miwani akakagua kimoja kimoja, vyote vina tone, akaigeuza pasi, skrubu zake tupu, akamuuliza kwa nini hakuifungua ilhali alijua ina kasoro.

Baba akajibu, "Mheshimiwa, ningeifungua ingekuwa yangu. Niliwaachia wenyewe waijibie."

Mtaalamu wa mahakama aliifungua mbele yetu, akakuta waya uliochubuka umegusa bati. Baba alilipwa fidia, pasi za aina ile zikaondolewa madukani, na hilo la pili ndilo lililomfurahisha, akajifunza kushika bisibisi kwa mkono wa kushoto, na hadi 2019 alikuwa amefundisha mafundi kumi na mmoja, wote wanatia tone.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2022, akatutoka tarehe 3 Juni 2023, saa nne asubuhi, ule mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliovumilia maswali yake kuhusu mashine ya kusafisha damu, tunamshukuru wakili, mafundi wenzake, na ninyi majirani. Asubuhi hii, kabla jeneza halijatoka nyumbani, mama alifungua pochi akatoa kichupa cha rangi ya kucha, akatia tone kwenye kila skrubu ya jeneza.

Pumzika kwa amani, Fundi Tone, wa kuulizwa juu yako tupo.