Maoni ya Mama wa Nambari Kumi na Nne, Mtaa wa Pitcher

Ndugu waombolezaji, jamaa na majirani wa Burslem, na ninyi pia mliosimama nje kwenye baridi na fulana zenu, mimi ni Glenys, binti mkubwa wa marehemu, nimetumwa na familia kuwasomea maisha ya mama yetu, na kwa kuwa ukumbi huu tumepewa nusu saa tu kabla ya msiba mwingine kuingia, nitasoma bila kupamba, maana mwenyewe hakupenda kupambwa.

Marehemu Hilda Maud Colclough alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 hapahapa Burslem, mji huu wa wafinyanzi wa Uingereza, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Enoch Machin, mchoma vyungu, na mkewe Bi. Sarah, akasoma shule ya mtaani hadi Julai 1953, na Jumatatu iliyofuata akaingia kiwanda cha vikombe, ambako kazi yake ilikuwa kubandika mikono ya vikombe kabla havijaingia tanurini, kazi aliyoifanya hadi kiwanda kilipofungwa mwezi Mei 1997. Ninyi mliokaa naye benchi moja mnajua kwamba hakuwahi kunywa chai popote bila kwanza kukigeuza kikombe na kusoma chini kimetengenezwa wapi, kama tufanyavyo wote huku, ila yeye alifanya hivyo hata mbele ya askofu, na askofu akaambiwa kikombe chake ni cha ovyo.

Tarehe 18 Juni 1960 alifunga ndoa na Wilfred Colclough, mchimba makaa, wakahamia nyumba nambari kumi na nne, Mtaa wa Pitcher, na wakajaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1962, na mdogo wangu Adrian mwaka 1965, huyo aliyekaa kiti cha mbele amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Baba yetu alifariki tarehe 2 Februari 1989, mapafu yakiwa yamejaa vumbi, na tangu siku hiyo Mama alilala peke yake, akaamka peke yake, akaenda kazini.

Mwaka 1985 Adrian na wenzake watatu waliunda bendi ya roki ndani ya kibanda cha makaa nyuma ya nyumba, na kwa kukosa jina wakaipa jina la mtaa, Pitcher Street, wakaimba, wakapendwa nchi nzima, na hapo ndipo Mama alipoponzwa, kwa sababu jina la bendi lilikuwa ndiyo anwani yake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini wageni hawa walikuja miaka thelathini na hakuna aliyeshika jembe, walikuja wakapiga picha mlangoni, wakachungulia dirishani, wakabanduabandua rangi ya geti wakaondoka nayo, na Mama aliwapa chai na chapati za oti zenye jibini, chakula cha huku kwetu, akisema, "Wametoka mbali, Glenys, waache." Pazia la mbele alilifunga mwaka 1991 na hakulifungua tena.

Tarehe 17 Oktoba 2011 ilitoka albamu ya mwisho ya bendi, iitwayo Mwisho wa Mtaa, na ndani yake mna wimbo Dirisha la Mama, unaosema kwamba kuna mama aliyekaa dirishani usiku kucha na taa, akimngoja mwanawe arudi. Wasikilizaji walikuwa na maoni, na maoni yao waliyaleta nyumbani kwetu, kana kwamba Mama ndiye aliyepiga ngoma. Mmoja alisema vinanda vimezidi na gitaa halisikiki, mwingine akasema sauti ya Adrian imechakaa, wawili walikaribia kupigana pale kwenye pipa letu la taka, mmoja akilia kwamba hajawahi kusikia kitu kizuri hivyo, mwenzake akimjibu, "Wewe unalilia ujana wako, si wimbo." Bwana mmoja wa Leicester alibisha hodi, akamkabidhi Mama santuri aliyoinunua, akasema, "Bibi, mrudishie mwanao, mwambie ametusaliti." Mama alikuwa amevaa kandambili, ameshika mfuko wa taka, na alichomjibu ni hiki tu, "Mwanangu, hata mimi hajanisalimia tangu Pasaka."

Jumapili, tarehe 20 Novemba 2011, alikuja Bwana Clive Tranter, mwenye jarida la wasikilizaji wa Pitcher Street, akiomba kujua maoni ya mama mzazi, na nilikuwepo, nilikuwa jikoni nageuza chapati, mlango uko wazi, kwa hiyo haya sikusimuliwa. Mama aliichukua santuri, akaigeuza akasoma nyuma yake kama anavyosoma kikombe, akaliona jina la mwanawe, akasema, "Haya, iweke." Wimbo ule wa dirisha ulipokwisha akasema, "Uongo mtupu. Sijawahi kukaa dirishani mimi, nilikuwa kazini." Halafu, Bwana Tranter akiwa bado anaandika, akasema, "Hebu rudia." Akarudia. Mama akasema, "Rudia tena," na chapati zangu zikaungua, kwa sababu nilikuwa nimesimama mlangoni nikimtazama mama yangu akilia, jambo ambalo hakulifanya hata kwenye mazishi ya Baba.

Jarida lilipotoka, liliandika maneno mawili, "Uongo mtupu," na juu yake picha ya Mama akiwa na kandambili. Waliochukia albamu waliyafanya bendera, wakasema hata mamaye mzazi haitaki, wakayachapa kwenye fulana, na fulana hizo naziona leo hapo nje ya kioo, zimevaliwa kwa heshima. Nilimpigia simu Bwana Tranter kumuuliza yale mengine yameenda wapi, akanijibu, "Dada, nafasi ilikuwa ndogo," na tangu wakati huo nimejua kwamba mtu anaweza kumpenda mwimbaji kiasi cha kumeza maisha ya watu wake bila kutafuna.

Nilimpigia Adrian pia, nikamweleza kwamba Mama aliomba urudiwe mara mbili, naye akasema, "Dada, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, nimesoma." Bendi ikavunjika, akahamia Ureno, akawa analeta kadi kila Krismasi, na nilipomsihi Mama amweleze mwenyewe, alisema, "Akitaka kujua nilisema nini, aje aniulize. Mlango anaujua." Mwana alimngoja mama aombe radhi, mama alimngoja mwana aulize, na mimi nikawa katikati, nikibeba kadi na dawa.

Mwaka 2017 Mama alianza kubanwa kifua, madaktari wakasema ni vumbi la udongo alilolivuta ujana wake wote, na mwaka uliofuata wasikilizaji walewale wakapiga kura, wakaamua kwamba Mwisho wa Mtaa ndiyo albamu bora kuliko zote, wakaja tena na maua, wakainama kwenye tundu la barua la mlangoni wakisema, "Mama, tulikosea, mwambie tulikosea." Mama akiwa kitandani aliniambia, "Waambie mimi si sanduku la posta." Alilazwa hospitali mwezi Septemba 2019, na kila mlango wa wodi ulipofunguka aligeuza kichwa, mpaka alipochoka kugeuza, akafariki Alhamisi, tarehe 7 Novemba, saa kumi jioni, mimi nikiwa nimemshika mkono. Adrian alifika jana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani wa Mtaa wa Pitcher waliomletea mchuzi na kumfagilia theluji, na wenzake wa kiwandani, ambao wamekuja saba na wote wanakohoa. Wasikilizaji tunawashukuru kwa maua, na tunawaomba mkitoka hapa mrudi makwenu, msipitie nambari kumi na nne.

Limebaki agizo moja la marehemu, alilonipa akiwa wodini, nami nalisoma kama alivyolisema, "Siku yangu, wapige ule wimbo wa uongo, na ukiisha warudie." Kwa hiyo nawaomba wahudumu wafunge milango ili walioko nje wasisikie, kabla jeneza halijaingia nyuma ya pazia kwenda kuchomwa. Adrian, hayo ndiyo maoni ya mama yako, yote, yasiyokatwa, na ungeyapata kwake mwenyewe, na chai juu, miaka minane yote hii, kama ungebisha hodi.

Pumzika kwa amani, Mama, leo hatumfungulii mtu.