Bi. Ndila Katunge na Malango ya Uwanja wa Michezo

Baada ya miaka ishirini na miwili katika chuo kikuu chetu, Bi. Ndila Katunge, Msimamizi wa Majengo, anastaafu tarehe 31 Desemba 1988. Walioketi naye mikutanoni watapumua. Sisi wa stoo hatujui tutaanzia wapi.

Alitoka Machakos akiwa mchoraji ramani, chuo kikiwa bado cha walimu, akaapa kwamba baridi ya Nyeri haitamwona Julai ya pili. Mabweni, maabara na jiko jipya yote yamepitia mikononi mwake. Mikutanoni hakunywa chai, kwa kuwa, alisema, chai ndiyo inayorefusha maneno.

Lakini kilichomzeesha ni malango ya uwanja wa michezo. Yalikuwa mawili, membamba, yanafunguka kuelekea ndani. Mwaka 1979, siku ya riadha, mvua ya mawe ilinyesha na watu wakakimbilia nje wote kwa pamoja. Waliotangulia walibanwa kwenye chuma, lango lisivutike. Hakufa mtu, namshukuru Mungu, ila bawabu wetu, Moffat Mutahi, alivunjika mkono, na mkono huo haukupona sawasawa.

Bi. Ndila alitoka kumtazama hospitalini akachora malango manne mapana, ya kufunguka nje. Kamati ya ujenzi ikausifu mchoro, kisha ikaanza kuuharibu. Mara juu pawekwe umbo la mlima, mara jani la chai, mara bustani ya maua katikati ya njia ya kutokea! Miaka mitano iliishia hapo.

“Mama, wacha haraka,” mwenyekiti alimwambia. “Geti ndio sura ya chuo.”

“Sura iko,” akajibu. “Mkono ya Moffat ndio haiko.”

Mwaka 1984, asubuhi ya siku ya michezo mingine, aliwaita mafundi wakang'oa malango yale na kuyaleta kwangu stoo. Akavuta kiti, akakaa mbele ya malango hayo. Mwenyekiti alikuja mbio, tai imemgeukia mgongoni.

“Rudisha hizo geti sasa hivi!”

“Mnifute kazi kwanza.”

Michezo ikachezwa, uwanja uko wazi. Jioni watu walitoka kwa raha zao. Yeye alipewa onyo na kunyimwa cheo alichostahili. Nilimkuta nyuma ya matangi ya maji analia, akanifukuza.

Na nani aliishinda kamati? Si hoja, wala si mkono wa mtu. Ni mbuzi! Wafanyabiashara wa Doldol waliokuwa wakipitisha mifugo kwenda sokoni waligundua nyasi za uwanja wetu uliobaki bila malango, na mwenyekiti mwenyewe akawakuta mbuzi golini, mbele ya wageni wake. Wiki hiyo hiyo mchoro ukapitishwa, bila mlima, bila jani, bila ua hata moja. Cheo chake kilimfikia baada ya miaka mitatu, bila neno la kumtaka radhi.

Bi. Ndila, ahsante kwa ukali wako. Kila Jumamosi maelfu hupita pale wakizungumzia mabao, na hakuna anayeyatazama malango. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na majirani wasio na kamati. Huku nyuma, mwezi uliopita, kamati ilianza tena kuulizia maua. Nenda ukapumzike, mama. Safari hii tutagombana sisi.

Rashid Shariff, Stoo ya Majengo