Aliyewanyonyesha Nguva: Maisha ya Hermelinda Ahuanari Tamani, 1957–2023

Marehemu Hermelinda Ahuanari Tamani alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika kijiji cha Nuevo Capironal, ukingoni mwa Mto Tapiche. Alikuwa kifungua mimba wa Don Asunción Ahuanari, mrusha chusa, ule mkuki wa majini, aliyejulikana mto mzima, na Doña Zoila Tamani. Nyumbani kwao nyama ya nguva wa mtoni ilikuwa kitoweo cha sikukuu, na Hermelinda hakulificha hilo hata uzeeni. Wageni wakimuuliza alijifunzia wapi habari za nguva, alijibu, "Kwenye sahani."

Alisoma shule ya msingi kijijini, na mwaka 1970 akapelekwa kwa masista mjini Requena. Alipenda hesabu kuliko masomo yote. Mama yao alipofariki Juni 1972, aliacha shule akiwa kidato cha pili, akarudi kulea wadogo zake. Wa mwisho, Teófilo, alikuwa na miaka minne. Ndiye anayesoma maneno haya leo.

Tarehe 24 Juni 1976, sikukuu ya Mtakatifu Yohane, aliolewa na Wenceslao Murayari, fundi wa mitumbwi, wakahamia Iquitos. Mungu akawajalia watoto wawili, Edilberto na Rosaura. Wenceslao alitangulia mbele ya haki mwaka 2011.

Februari 1993 aliajiriwa kuwa mpishi katika kituo cha kuokoa wanyama cha Quebrada Mansa. Mwezi wake wa pili kazini akaletwa ndama wa nguva mwenye jeraha la chusa, mama yake ameshauawa. Siku tatu daktari alihangaika na chupa ya maziwa, ndama kafumba mdomo. Hermelinda alitoka jikoni na aproni yake, akaingia bwawani hadi kifuani, akaibana chupa kwapani. Alikuwa amemsaidia baba yake kuchuna, kwa hiyo alijua kuwa nguva hunyonyesha kwapani. Ndama akanyonya, na jikoni Hermelinda hakurudi tena. Wenceslao aliwalalamikia majirani huku akicheka, "Jamani, nimeletewa mke wa pili, na ana masharubu!"

Kwa miaka thelathini alilea ndama ishirini na sita, mbali na fisimaji, tumbili waliokatwa minyororo, na kasuku mmoja mkubwa aliyetolewa kilabuni. Siku moja kasuku huyo alimtukania mkaguzi wa serikali mama yake mzazi. "Utuwie radhi, bwana mkubwa," Hermelinda alisema. "Kalelewa na walevi. Tunamfunza adabu upya, ila bado yuko darasa la kwanza."

Marehemu aliagiza kwamba asisifiwe kaburini bila habari ya Moena kusemwa. Basi na isemwe.

Moena alikuwa nguva dume wa miaka miwili, aliyelelewa naye. Mwaka 2014 mkurugenzi wa wakati ule alitaka arudishwe majini siku ambayo wafadhili wangekuwepo. Hermelinda alijua kwamba Moena bado anafuata kila mtumbwi akidhani una maziwa. Kikaoni aliulizwa, "Doña Herme, yuko tayari?" Akatazama chini, akajibu, "Daktari akisema yuko tayari, mimi ni nani?" Ziwa lenye majani mengi alilichagua mwenyewe: lile la nyuma ya Nuevo Capironal. Alikusudia kupiga simu ya redio kijijini amwarifu mdogo wake Teófilo, aliyekuwa akiwinda huko, akaahirisha leo, akaahirisha kesho.

Moena aliachiwa tarehe 16 Agosti. Tarehe 4 Septemba Teófilo alikuwa ziwani na chusa ya baba yake. Nguva alijileta mwenyewe.

Hermelinda alipopata habari alituma neno moja tu: "Nimesikia." Teófilo naye alijibu kwa ukali kwamba nguva hana jina usoni. Miaka tisa ikapita bila dada na mdogo wake kusemezana.

Baada ya hapo Hermelinda alibadili kazi yake yote. Ndama walinyonyeshwa nyuma ya pazia la turubai, bila kuongeleshwa, bila kupapaswa, bila kupewa jina. Wasichana wapya walinong'ona kwamba mama huyu ana roho ngumu. Nguva tisa waliolelewa hivyo waliachiwa, na hadi leo hakuna aliyeusogelea mtumbwi.

Mwaka 2019 aligunduliwa ana kisukari, na mwaka huu figo zikachoka. Tarehe 9 Oktoba Teófilo alifika hospitalini Iquitos, baada ya Rosaura kumwambia, "Mjomba, ukingoja wiki ijayo utakuja kuzika."

Hermelinda alimuuliza habari za Moena. "Hakukimbia?"

"Hakukimbia, dada. Aliweka pua ubavuni mwa mtumbwi."

"Nilimzoesha mimi."

"Na mimi ndiye niliyerusha."

"Wewe ulikuwa unatafuta chakula. Mimi niliulizwa mbele ya watu, nikameza jibu." Akafumba macho. "Umekula lakini?"

Alifariki tarehe 21 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Ameacha watoto wawili, Edilberto na Rosaura, wajukuu watano, na mdogo mmoja, Teófilo. Bwawani Quebrada Mansa wamo ndama watatu, na Rosaura amewanyonyesha asubuhi hii kabla ya kuja hapa, nyuma ya turubai, kimya.

Teófilo alilelewa na dada huyu tangu akiwa na miaka minne. Neno la shukrani alikuwa na miaka tisa ya kumpelekea, na safari ya mto ni ya siku mbili tu. Analisema leo, na dada hasikii: asante, mama yangu.

Mwenyezi Mungu amlaze kando ya maji ya utulivu.